Barua ya wazi kwa wenye funguo za makabati: tuacheni tuwatafute babu zetu waliokuja mkonge

Kwenu wakubwa wa maktaba za umma, wa idara ya kumbukumbu na nyaraka, wa halmashauri zote za mkoa wa Tanga, Bodi ya Mkonge, na nyie wenye mashamba wa sasa. Na makatibu wa parokia na wa misikiti pia, yeyote mwenye daftari la zamani kabatini barua hii inamhusu. Shikamooni kwa mnaostahili, wengine habari za kazi.

Sitazunguka. Naomba karatasi za watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga zitafutwe popote zilipo, zihifadhiwe, na nakala zake ziwekwe maktaba ya mkoa ambapo mtu wa kawaida, mama ntilie, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu, anaingia anakaa anasoma bila kuulizwa katoka chuo gani. Ombi ndo hilo. Yanayofuata ni sababu zake, na najua mtasema bajeti hamna, tutafika huko.

Sisi wengi wa huku Muheza, Korogwe, Pangani mpaka Makorora na Mikanjuni mjini ni wajukuu na vitukuu wa manamba, wale vibarua wa mkataba walioletwa kukata mkonge. Ukitukuta tunaongea Kiswahili chetu cha Tanga na tunakula bada kwa samaki utadhani tulikuwepo hapa tangu minazi haijapandwa, lakini uliza kidogo tu, huyu babu yake Mbena, yule Mha wa Kasulu, yule Mnyamwezi, mwingine Mngoni, mwingine Mrundi, mwingine Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Na mkonge wenyewe ni mgeni vilevile, uliletwa 1893 na yule Mjerumani Hindorf, miche ikatoka Florida ikapitia Hamburg na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Reli nayo ikaanza kujengwa kutoka Tanga mwaka huohuo, 1896 ikafika Muheza, 1902 Korogwe. Sasa angalieni wenyewe, miche 62 tunaijua mpaka idadi, imeandikwa vitabuni, kila mwenye kusimulia habari za mkonge anaanza nayo, alafu watu waliokuja kuukata hatuna hata orodha ya majina ya kambi moja ambayo mjukuu anaweza akaiomba akaisoma.

Na msiniambie hawakuandikwa. Waliandikwa sana tu, pengine hakuna masikini aliyeandikwa nchi hii kuliko manamba! Mkoloni alikuwa analipa kwa kuhesabu kwaiyo lazima aandike. Mtu alikuwa na kipande chake chenye visanduku 30, siku ukimaliza kazi uliyopangiwa kinajazwa kimoja, siku umeumwa au umegoma kinabaki wazi, na hela hupati mpaka kipande kijae. Kipande kina jina, kina namba. Kuna daftari la mahudhurio ambalo karani anashika asubuhi nyapara akiita majina. Kuna mkataba aliotia dole gumba huko kwao. Toka 1944 wenye mashamba waliungana wakaanzisha SILABU, ofisi yao ya kuleta vibarua, ikawa na watu wake wa kuandikisha huko mikoani na malori na kambi za kulaza watu njiani, na kila mtu aliyepanda lori lile aliandikwa katoka wilaya gani, chini ya jumbe gani, kaja na mke au mwenyewe. Hospitali ya shamba ina daftari lake. Duka la shamba lina deni lake. Yani babu zetu wameacha karatasi nyingi kuliko sisi wenyewe tutakazoacha, shida ni ziko wapi.

Nyingine tunajua zilikoenda. Miaka ya mwanzo ya 1960 nchi ilikuwa inatoa mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, alafu bei ikaporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, likaja Azimio la Arusha 1967 mashamba mengi yakawa ya serikali, miaka ya 1990 yakauzwa tena kwa watu binafsi, na kila mwenye nyumba mpya akiingia anafagia ofisi. Wazee wa kambini wanasimulia bila hata kushangaa kwamba kurasa za madaftari zilikuwa zinafungia karanga na kuwashia moto. Kuna shamba moja, silitaji, nimeingia kwenye ghala nyuma ya korona, yani kile kiwanda cha kusindika mkonge, nikakuta madaftari yamerundikwa chini sakafuni, mchwa wameshakula yale ya chini yote na ya juu yana mavi ya popo, jalada moja limeandikwa kwa wino mzuri kabisa majina, kabila, namba ya nyumba. Nikaomba nipige picha na simu. Mlinzi akasema mpaka meneja. Meneja akasema mpaka makao makuu. Makao makuu hawajanijibu mpaka leo, na mchwa wao hawasubiri barua.

Sasa niwaeleze kwa nini hizi karatasi si mapambo. Babu yangu mzaa baba alikuja mkonge akiwa kijana, akafia huku kabla sijapata akili ya kumuuliza kitu. Tulichokuwa nacho ni jina lake la Kiislamu alilopewa kambini, kwamba yeye ni Mbena, basi. Wengi walikuwa hivyo, wanaingia kambini na jina la kwao, anasilimu, anaoa Mbondei au Mdigo, anapewa jina jipya, la zamani linabaki kwenye karatasi ya karani tu. Ukienda Njombe ukauliza kuhusu Salim wa mkonge watakuangalia hivi. Hakuna Salim aliyetoka Njombe mwaka ule, aliyetoka alikuwa na jina lingine.

Bibi alipofariki ndo tukakuta kwenye kasha lake risiti ya kodi ya kichwa ya babu, ile ya Mwingereza, imekunjwa ndani ya kitambaa. Ina jina la kwao. Ina jina la mahali. Tukafurahi mwenzangu, tukaingia kwenye simu kutafuta hicho kijiji, hamna. Kwenye ramani za simu hamna, kwenye orodha ya kata za Njombe hamna, jamaa mmoja anayefanya biashara ya mbao huko akasema hajawahi kukisikia.

Hapo ndo maktaba ilipofanya kazi, na naomba nimsifu mkutubi mmoja mama mtu mzima ambaye jina lake sitaliandika asije akapata matatizo kwa sababu alinisaidia kupita kiasi cha taratibu. Nilimweleza nasaka kijiji kilichopotea akacheka akasema mwanangu hicho hakijapotea, kimehamishwa. Kumbe! Operesheni ya vijiji ya 1973 mpaka 1976 watu walihamishwa kutoka vitongoji vyao wakapangwa kwenye vijiji vya ujamaa, majina mengi ya zamani yakafa hapo. Akanitolea ramani zile kubwa za karatasi za 1:50,000, zilizochorwa kabla ya operesheni, zimekunjwa zimeoza mikunjo, tukazitandaza kwenye meza ya watoto maana ndo kubwa, tukapita mto kwa mto na vidole mpaka tukakiona, jina lilelile la kwenye risiti, kwa herufi ndogo kandokando ya kijito. Leo pale pote wanapaita kwa jina la kijiji kikubwa cha jirani.

Fikirini ramani ile ingekuwa imefungiwa Dar. Au ingekuwa imetupwa kwa sababu ni ya zamani na haina wasomaji. Vitabu vya maktaba zetu za mikoani vinapunguzwa kila kukicha ili kupisha vitabu vya mtihani, naelewa, watoto wanahitaji, lakini vile vinavyotolewa nje mara nyingi ni vile ambavyo havipatikani tena popote. Magazeti ya zamani pia. Mambo Leo lilianza 1923 na lilikuwa na habari na barua za watu kutoka wilaya karibu zote, nani kahamishwa, nani kafa, nani kafungua shule. Hapa Tanga palikuwa na Kiongozi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, linachapwa na shule ya serikali hapahapa mjini kwetu. Mtoto wa Tanga anaweza kumaliza kidato cha sita hajawahi hata kuliona kwa macho.

Narudi kwa babu. Jina la mahali tumepata, sasa watu. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la watu wa kule, mmoja akampelekea shangazi yake, shangazi akampelekea mtu Makambako, mpaka siku moja mzee mmoja akanipigia. Hakunisalimia kwa muda mrefu, akaanza na swali, eti nyumbani kwenu nyama gani hamli? Nikashtuka. Maana kweli kwetu kuna nyama hatuli, pongo, yule mnyama wa porini jamii ya swala, tangu utoto tunaambiwa ukila pongo utatoka vidonda mwili mzima na hakuna aliyewahi kutuambia sababu, sisi tukidhani ni mambo ya bibi tu. Nikamjibu pongo. Akasema kamwene, ile salamu ya Kibena, mimi ni baba yako mdogo.

Mwiko wa ukoo ulivuka nchi nzima, ukaingia kambini, ukapita kwenye Uislamu, ukafika mpaka kwa watoto wangu wanaoangalia katuni, na hakuna karani aliyeuandika. Kwaiyo sisemi karatasi ndo kila kitu. Ndugu wa mbali wanajua vitu ambavyo hakuna faili litakaa livijue. Lakini nao jamani wana mambo yao! Mzee mmoja wa huko anasema babu alikimbia kodi. Bibi mmoja, huyu ni mtoto wa dada yake babu, anaapa kwamba alikorofishana na kaka yake kwa ajili ya ng'ombe wa mahari na akaondoka usiku. Wa tatu anasema aliandikishwa na SILABU kama vijana wote wa rika lake na hakuna ugomvi wowote ni maneno ya wanawake. Wanabishana mpaka kwenye grupu watu wanaondoka. Na tayari kwenye hili kuna upande unajiona umeonewa na upande unajiona umesingiziwa, miaka zaidi ya 70 imepita. Mkataba wake ungeonyesha tarehe, mahali alipoandikishwa na jina la aliyesimama naye. Ungekata mzizi wa ugomvi hapohapo, au ungeuchochea, sijui, lakini angalau tungegombana kwa kitu tunachokiona.

Na karani naye haaminiki peke yake. Wazee wanasema ukishuka kwenye lori la kusini unaandikwa Mbena, hata kama wewe ni Mkinga au Mpangwa, na nyumba za kambini zilikuwa zinapangwa kwa makabila kwaiyo kabila uliloandikwa ndo unakolala. Kuna watu mpaka leo wanajiita Wabena wa Tanga na ukifuatilia ukoo wao unaishia milima ya Livingstone kwa Wakinga. Ndo maana nasema daftari bila mzee ni hatari, mzee bila daftari ni hatari, viwekwe mahali pamoja watu wavipambanishe.

Sasa nakuja kwenu rasmi.

Nilikwenda ofisi moja ya umma inayotunza nyaraka. Jengo zuri, watu wastaarabu, sina neno. Dada wa mapokezi akaniuliza utafiti wako unahusu nini, nikasema namtafuta babu. Akauliza unatoka chuo gani, nikasema sitoki chuo, nauza vifaa vya umeme Muheza. Basi akaita mwenzake. Wakanielekeza nilete barua ya utambulisho ya taasisi, na andiko la utafiti, na ada. Andiko la utafiti wa babu yangu! Nikawauliza taasisi yangu ni ipi, ukoo? Wakacheka, mi pia nikacheka, nikarudi Muheza.

Ila sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 mnaijua nyie kuliko mimi. Nyaraka za serikali zikishatimiza miaka 30 zinafunguliwa kwa umma. Umma, haikusema wenye shahada. Kama faili la 1948 lipo basi limeshapita miaka 30 mara mbili na zaidi. Taratibu za kulinda karatasi zisichanwe wala zisiibwe sizipingi hata kidogo, nipeni glovu, nivueni begi, nikalisheni mbele ya kamera, niandikieni kitambulisho changu cha NIDA, lakini msinidai barua ya chuo. Weka fomu ya ukurasa mmoja, mtu anajaza anamtafuta nani, inatosha.

Vitabu vya Wilaya ni mfano mzuri. Wale madisii, wakuu wa wilaya wa Kiingereza, walikuwa wanaandika kila wilaya kitabu chake, koo, machifu, majumbe, watu wametokea wapi, mila za mahari na mirathi. Vipo kwenye nyaraka za taifa, vilishapigwa picha za filamu zamani. Nakala za kurasa za Tanga, Pangani, Lushoto, Handeni zingekaa maktaba ya Tanga, na za Njombe zikakaa huko kusini, kuna ubaya gani? Ingawa niseme ukweli vile vitabu vinawapenda machifu. Ukoo wa mtwa, yani chifu wa huko kusini, utaukuta mpaka babu wa kumi. Mtu wa kawaida hamna, mtu wa kawaida yuko kwenye orodha ya kodi na ya kazi, ndo maana nang'ang'ania madaftari ya mashamba.

Na cheti cha kuzaliwa msituelekeze huko. Sheria ya usajili ya Mwingereza ya 1920 ililenga Wazungu na Waasia, Mwafrika hakulazimishwa kusajili mtoto mpaka baada ya uhuru, na hata hapo ilikwenda wilaya kwa wilaya. Mtu wa kizazi cha babu yangu cheti chake ni kipande cha kazi, risiti ya kodi, au kama kwao kulikuwa na misheni basi daftari la ubatizo. Kule Ubena Walutheri wa misheni ya Berlin walifika kabla ya Majimaji, na walikuwa waandishi wazuri. Kumbukumbu za misheni ile ziko Berlin na zinasomeka kwa anayekwenda. Ndo tunapofika hapo, kijana wa Muheza akitaka kujua babu wa babu yake alibatizwa lini ni rahisi kumwandikia Mjerumani kuliko kufungua kabati lililoko kilomita chache toka kwake.

Wenzetu Uingereza mwaka 2022 walifungua sensa yao ya 1921 nzima, kila nyumba na majina ya waliolala humo, na Marekani mwaka huohuo wakafungua ya 1950. Wastaafu wao wanashinda maktaba na miwani wanatafuta mababu, maktaba ina chumba cha habari za mahali pale na mtu wa kuwaelekeza. Siwaambii tuige sensa, sisi sensa zetu za zamani zilihesabu vichwa tu. Naongelea kile chumba. Chumba kimoja chenye meza, kabati na mtu anayejua kilichomo.

Najua hofu zenu, tumeshazisikia. Ya kwanza ardhi. Mtu akishajua babu yake alikaa kambi fulani kesho atadai ekari. Jamani, daftari la mahudhurio haligawi ardhi, kinachosema babu alikata mkonge hakisemi shamba ni lake, kinasema kinyume chake. Anayetaka kudai ardhi au mirathi ataenda mahakamani na mahakama itampima, hiyo haina uhusiano na kusoma jina. Ya pili siri za watu, nani alikuwa na ukoma, nani kazaa nje, nani alikuwa mtumwa wa nani. Hii ni ya kweli, siipuuzi. Madaftari ya hospitali yafungwe muda mrefu zaidi, kesi za ndoa zifungwe. Majina, namba, kabila, mahali alikotoka, tarehe ya kuingia na kutoka, hayo hayamvui mtu nguo.

Ya tatu hamuisemi nyie, tunaisema sisi kwa sauti ya chini, na naomba hapa msome taratibu. Wapo majirani zangu ambao hawataki kabisa kumtafuta babu. Sio kwamba hawapendi. Wanaogopa. Babu yake alitoka Burundi au Msumbiji, akaletwa na lori la wenye mashamba, akafanya kazi miaka yote, akazikwa kwenye makaburi ya kambi, watoto wakazaliwa hapa, wajukuu wakazaliwa hapa, na leo mjukuu akienda kuchukua kitambulisho anaulizwa babu katokea wapi na jibu la kweli linamtia mashakani. Kwaiyo familia nzima imekubaliana kusema babu ni wa Kigoma, au wa Mtwara, na watoto wanafundishwa hivyo, na ukweli unazikwa na bibi wa mwisho anayeujua. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961 sheria ilisema aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake mmojawapo akazaliwa Tanganyika ni raia moja kwa moja. Wengi wa hawa wajukuu mama zao au bibi zao ni Wabondei, Wazigua, Wadigo wa hapahapa. Wangepata karatasi wengine zingewasaidia. Lakini hawawezi kuikaribia karatasi kwa sababu hawajui upande wa pili wa dirisha amekaa nani.

Kwaiyo ombi langu ndani ya ombi ni hili, mnaposikilizana na wenzenu wa wizara nyingine mtamke wazi na kwa maandishi kwamba kinachosomwa kwenye chumba cha maktaba kinabaki cha msomaji, fomu za wasomaji hazipelekwi popote, na mtu hataitwa kuhojiwa uraia wake kwa sababu alifungua daftari la babu. Bila hilo mtajenga chumba kizuri na nusu ya Muheza haitaingia.

Bajeti. Hatuombi mashine za mamilioni. Kwa kuanzia simu za kawaida zinapiga picha kurasa vizuri tu, kuna programu za bure zinazonyoosha ukurasa, tunahitaji meza, mwanga, diski mbili za kuhifadhia, na ruhusa. Wajukuu wa kukaa na kupiga picha tupo, vijana wamemaliza chuo wako mtaani hawana kazi, wanajua kompyuta kuliko mimi na nyie. Mkutubi mmoja afundishwe kusoma mwandiko wa makarani na kuweka fahirisi ya majina kwa tahajia zote maana jina moja karani kaliandika namna tano. Na pale kwenye jengo la zamani la Boma la Mjerumani watu wa Urithi, wale wenye makumbusho mle ndani, wameshaonyesha kwamba mambo ya kale ya Tanga yana watazamaji, picha zao watu wanaziangalia. Iringa nao wamegeuza boma lao kuwa makumbusho toka 2016. Hivi vitu vinawezekana nchi hii, nisiambiwe haviwezekani.

Kingine kidogo, watani. Kwenye makambi walikuwa wanazikana watani, mtu hana ndugu wa damu hata mmoja, Mngoni kafa anashughulikiwa na Mhehe, na mtani ndo anayejua kwa undani aliyekufa alikuwa nani kwa sababu lazima amtanie msibani kwa ukoo wake. Mkianza kurekodi wazee msiwaulize habari za koo zao tu, waulizeni habari za watani wao. Sisi tumepata majina ya vijiji viwili vya watu wengine kwa njia hiyo, kutoka kwa bibi ambaye ni kabila tofauti kabisa, na anayakumbuka kwa vile alikuwa anayafanyia matusi.

Cha kuanzia kabisa hakina gharama hata ya shilingi, toeni tangazo kwa mashamba yote, kata, hospitali za zamani za mashamba na vyama vya ushirika, kwamba hakuna kuchoma wala kuuza karatasi za kabla ya 1980 mpaka mtu wa nyaraka aje azione. Tangazo la ukurasa mmoja lenye muhuri. Wiki ijayo mnaweza. Yale madaftari niliyoyaona nyuma ya korona labda ya juu bado yapo.

Alafu kuna mzee mmoja upande wa Ngomeni alikuwa karani wa mahudhurio enzi hizo, kashapita miaka 90, macho hayaoni lakini ukimtajia namba ya mtu anakupa jina, nyumba aliyolala na kabila lake, na wakati mwingine anakupa na deni lake la dukani. Tumemrekodi kwenye simu masaa kadhaa na bado hajafika nusu ya kambi. Rekodi hizo tuko tayari kuzileta kwenu bure, kwenye flashi, na majina tumeshayaandika pembeni. Tuambieni tu tuzilete ofisi ipi na nani atazipokea.

Wenu,
Mjukuu wa manamba, Muheza